Kamera Mbili, Begi Moja: Unguja Wiki ya Mwaka Kogwa

Jumapili, Dar es Salaam

Mwezi ujao napanda treni ya Reli ya Kati kwenda Kigoma, na safari ile haitabeba kamera mbili. Maji, chakula cha njiani na zawadi za wenyeji wangu vimeshamaliza nafasi. Ndiyo maana navuka bahari kwanza, nikazipime zote mbili Unguja. Kisiwa kile kina vichochoro, kina msitu, kina pwani yenye kazi, na wiki hii kijiji cha Makunduchi wanaoga mwaka, yaani wanasherehekea mwaka mpya wa jadi, Mwaka Kogwa.

Ya kwanza ni DSLR, yaani kamera ya dijitali yenye kioo, Canon EOS 6D iliyotoka mwaka 2012. Ndani yake kuna kioo kilichosimama mshazari mbele ya sensa, kile kipande kinachonasa picha. Mwanga unaingia kwa lenzi, unagonga kioo, unapanda mpaka jichoni, kwa hiyo unaona kile kile kinachoonwa na lenzi. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, shata, ule mlango wa mwanga, inafunguka, na kwa nukta hiyo dirisha linakuwa giza. Kampuni kubwa zimeshahamia kamera zisizo na kioo, na kwa mnunuzi wa mitumba hiyo ni neema, maana DSLR nzuri zimeshuka bei.

Ya pili ni Canonet QL17 G-III, reinjifainda ya filamu ya mwaka 1972. Hii hutazami kupitia lenzi. Unachungulia kwenye dirisha dogo juu ya lenzi, ambamo mna mstari wa fremu unaong'aa, na katikati kuna taswira ya pili, hafifu, inayoletwa na dirisha jingine. Unazungusha pete ya lenzi mpaka taswira mbili zinalaliana na kuwa moja, hapo fokasi imekaa. Aina hii ya kamera ilipata heshima yake kwa Leica, hasa ile M3 ya mwaka 1954, lakini Leica kwa mfuko wangu bado ni ndoto. Canonet ina lenzi moja isiyotoka, milimita 40, f/1.7 (namba ya f ni ya tundu la mwanga; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na shata yake imo ndani ya lenzi yenyewe. Hakuna kioo cha kuruka. Ukibonyeza, unasikia kama kucha imegusa meza, basi.

Uzito: Canonet gramu 620. 6D na betri yake karibu gramu 770, kisha lenzi ya kuvuta mbali, ya milimita 70–200 f/4, inaongeza 760 nyingine. Nimeweka pia lenzi nyembamba ya Canon ya milimita 40, f/2.8, yenye gramu 130 tu. Hiyo nimeibeba makusudi. Nikilinganisha kamera yenye jicho refu na kamera yenye jicho fupi, nitakuwa nalinganisha lenzi tu, kamera zenyewe sitakuwa nimezigusa.

Filamu ni HP5 Plus ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kushika mwanga), nyeusi na nyeupe, picha 36 kwa roli.

Jumatatu, baharini

Boti ya kasi, kama saa mbili hivi mpaka Malindi, bandari ya Unguja. Bandarini nilimwomba mkaguzi aziangalie filamu kwa mkono, akakubali bila neno. Filamu ya ISO 400 inastahimili eksirei za kawaida. Za kuogopa ni zile mashine mpya za aina ya CT zinazofungwa kwenye viwanja vya ndege, ambazo huichoma filamu ukungu. Ndani ya bandari kamera zote zilikaa begini. Bandari, kambi na ofisi za serikali hazipigwi picha, na anayetaka safari yake iende vizuri halijaribu hilo.

Jumanne, Mji Mkongwe

Asubuhi nilitoka na Canonet peke yake, imening'inia kifuani. Vichochoro vya Kiponda na Hurumzi ni vyembamba, kivuli kingi, jua linapita kama mkanda juu ya ukuta na kuondoka. Niliweka f/8, shata 1/125, fokasi mita 3, nikaacha kugusa chochote. Kwa lenzi ya milimita 40, hesabu hiyo inakupa ukali kuanzia mita 2 mpaka mita 5 na kidogo, na kichochoro chenyewe hakina zaidi ya hapo. Mtu akiingia katika eneo hilo yuko tayari ndani ya fokasi. Unainua, unabonyeza, unashusha, na salamu inaendelea.

Kuna jambo moja la reinjifainda ambalo hakuna DSLR itakayokupa. Dirisha linaonyesha zaidi ya fremu. Unaona baiskeli kabla haijaingia kwenye picha, unaona buibui la bibi likitokea pembeni, unajua lini ubonyeze. Na ukibonyeza, dirisha halizimiki; ule uso uliopepesa macho umeuona ukipepesa, na unajua papo hapo kwamba picha hiyo urudie.

Saa nne nilifika Jaws Corner. Wazee wako kwenye baraza, dhumna inagongwa mezani, kahawa inachemka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kahawa?"

Kikombe kidogo, chungu kweli, na kashata pembeni. Mzee wa kahawa akaitazama kamera kabla hajanitazama mimi. Aliuliza kama bado inafanya kazi, akaishika, akachungulia, akacheka alipoona taswira mbili zikikutana. Wacheza dhumna hawakunyanyua vichwa. Nilipiga wakigonga, nikapiga mkono wake ukimimina, nikampiga yeye mwenyewe akinitazama, na yote hayo hayakukata mazungumzo yao kuhusu bei ya sukari.

Kisha akanyosha mkono. "Haya, nionyeshe."

Nikamwambia ni ya filamu, mpaka nikaisafishe Dar.

"Basi utaniletea." Hakusema kwa kuomba. Alisema vile muuza duka anavyoandika jina lako kwenye daftari.

Nikiwa na deni hilo nilipita Barabara ya Kenyatta, Shangani, penye Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Ukitazama picha za zamani zilizotoka katika studio kama hizo, maharusi, watoto waliovalishwa kanzu za Idi, makarani waliosimama wima, unaona mpango uliokuwapo: mtu alikuja mwenyewe, akalipa, akaondoka na sura yake mkononi. Mpigapicha alibaki na negativu. Sisi wasafiri tumeugeuza mpango ule. Tunamfuata mtu alipo, tunachukua, na yeye habaki na kitu. Fikra hiyo ilinikaa, na kuanzia hapo kila jaribio nililipima kwa swali moja zaidi.

Jioni nikabadilisha, nikatoka na 6D na ile 70–200. Lenzi hiyo ni nyeupe na ndefu, inaonekana kutoka mwisho wa mtaa. Mama mmoja Mkunazini alimvuta mwanawe nyuma ya kanga kabla sijainua mkono, na alikuwa na haki. Nikaitoa, nikafunga ile nyembamba ya 40, nikarudi kupita mitaa ile ile. Uhasama ukapungua zaidi ya nusu. Hili nimelisikia likisemwa kwamba DSLR inatisha watu na reinjifainda haiwatishi. Nilichokiona ni kwamba kinachotisha kwanza ni lenzi, pili ni mlio, na mwili wa kamera ni wa mwisho. 6D ina hali ya shata ya kimya, na ukiiwasha mlio unakuwa mzito lakini wa chini. Haifikii Canonet. Inatosha mtaani, msikitini haitoshi.

Forodhani, jua likishuka, vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani. Kwa 6D nilifyatua picha 4 na nusu kwa sekunde, nikapata mmoja amejikunja hewani na bahari yote ya dhahabu nyuma yake. Wakapanda ukuta mbio, maji yakiwachuruzika, wakinizunguka: "Dada, tuone! Tuone!" Kioo cha nyuma, kile cha kuonyeshea picha, kikawashwa, vichwa vikarundikana, kila mmoja akijitafuta. Kisha wakaruka tena, safari hii kwa mikogo zaidi, kwa sababu walishajua picha inataka nini. Furaha ile Canonet haikuweza kuitoa.

Jumatano, Jozani

Hapa habari ni fupi. Kima punju hawapatikani porini popote duniani isipokuwa Zanzibar, na hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ndiyo ngome yao. Mgongo mwekundu, nywele nyeupe zilizosimama pembeni ya uso. Mwongozaji anasisitiza kukaa mbali nao hatua kadhaa, kwa afya yao na yetu, na hilo ni la kutii hata wao wenyewe wanapokusogelea.

Juu ya matawi, chini ya kiza cha majani, nilihitaji ISO 3200, f/4, shata 1/500, na milimita 200 zote. 6D ilifanya kazi yake. Canonet ina tundu la f/1.7, kwa hiyo mwanga haukuwa kikwazo kikubwa. Kikwazo ni umbali. Kwa milimita 40, kima aliye juu ya mti ni doa. Zipo reinjifainda zinazobadilisha lenzi, lakini hata Leica haziendi kwa raha zaidi ya milimita 135, maana fremu ndani ya dirisha inakuwa ndogo kama stempu na fokasi inakosa uhakika. Anayesafiri kwa ajili ya wanyama asipoteze muda kuisoma hoja hii zaidi. Achukue DSLR.

Mchana nilitembea njia ya mbao katikati ya mikoko na Canonet begini, sikuitoa.

Alhamisi, Jambiani

Maji yalikuwa ya bamvuo. Bahari ilirudi nyuma mpaka kwenye mwamba, ikaacha ukanda mweupe wenye mistari ya vigingi na kamba. Ndiyo mashamba ya mwani, kilimo cha biashara kilichoanza Zanzibar mwaka 1989 na ambacho wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani aina ya kotonii ndio wenye bei, lakini bahari ikipata joto hunyauka na kufa. Wengi wamebaki na spinosamu, yenye ustahimilivu na bei ya chini.

Mchanga mweupe saa sita unaibana Canonet. Shata yake inaishia 1/500 na tundu linaishia f/16, na kwa filamu ya ISO 400 juu ya mchanga ule bado mwanga unazidi. Nilifunga kichujio cha manjano, kikakata mwanga kiasi na kuitia anga uzito. Filamu ya negativu inasamehe mwanga ukizidi kidogo. Sensa haisamehi; weupe ukishaungua haurudi, ila 6D ina shata ya 1/4000 na hilo likaisha bila wasiwasi.

Nilimkuta mama mmoja akifunga miche kwenye kamba, maji magotini, ushungi umefungwa kwa nyuma. Nilimwamkia, nikavua viatu, nikaingia majini, nikashika upande mmoja wa kamba. Tulizungumza muda mrefu kabla sijauliza. Alisema watu wengi hupita na kamera zao, wanapiga wakiwa barabarani, wanaondoka. "Sura yangu iko wapi saa hizi, mimi sijui. Labda iko kwenye kadi ya kuuza."

Nikamwuliza kama angependa nipige.

"Piga. Lakini ukipiga, mwanangu yuko Muscat, hajaniona tangu mwaka juzi. Mpelekee."

Nilipiga kwa Canonet kwanza, kwa sababu mkono ulikuwa na maji ya chumvi na kamera ile ni chuma kitupu, inafutwa na kazi inaendelea. Picha mbili. Kisha nikajifuta vizuri, nikatoa 6D na lenzi ya 40. Nilimpiga akifunga fundo, halafu akanyoosha mgongo, akaweka ushungi sawa, akanitazama wima kama wale wa studio. Hiyo ndiyo aliyoitaka.

6D ina Wi-Fi ndani. Tukiwa bado majini nikaihamishia picha kwenye simu yangu, yeye akanitajia namba ya mwanawe kwa kichwa, nikaituma kwa WhatsApp. Hatukuwa tumefika ukingoni, simu ikalia. Sauti ya kijana: "Mama! Mbona umekonda?" Akacheka mpaka akashika kiuno. Walizungumza, mimi nikabeba gunia lake la mwani mpaka juu.

Kuna wapigapicha ninaowaheshimu wanaosema kioo cha nyuma kinaharibu safari, kwamba unakaa ukitazama ulichokipiga badala ya kutazama mbele. Wanasema kweli kwa yule anayejitazamia mwenyewe. Kwa mama huyu kioo kile ndicho kilichofanya picha iwe yake.

Ijumaa

Sikupiga. Swala, chakula cha watu wengi, usingizi. Niliziweka kamera ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Pwani yetu inaua lenzi kwa kuvu kuliko kwa kuanguka. Kuvu hutambaa kwenye vioo kama utando, hasa lenzi ikilala gizani kabatini, na ikishaingia ndani kabisa hutoi kwa kitambaa. Anayenunua reinjifainda ya zamani Dar au Mombasa aiangalie kwanza kwa tochi, upande mmoja mpaka mwingine, kabla ya kuuliza bei. Na aulize habari ya betri: Canonet ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena. Mimi natumia zile za vifaa vya kusikia. Zikiisha, kipimo cha mwanga kinalala lakini shata inaendelea, kwa sababu ni mashine tupu.

Jumamosi, Makunduchi

Mwaka Kogwa. Wenyeji wanapenda kila nyumba iwe na mgeni siku hii, kwa hiyo nilishaalikwa chakula kabla sijajua nitasimama wapi.

Wanaume wanajipanga pande mbili na mashina ya migomba mikononi, wanachapana, wanatoa ya mwaka mzima yaliyokaa kifuani, na yakiisha yameisha. Vumbi, kelele, kicheko. Nilianza nje ya duara na 70–200. Nikapata uso wa kijana anayecheka huku shina linampasukia begani, picha niliyoitaka tangu nikiwa Dar. Lakini ukitazama dunia kwa milimita 200, huoni kinachokujia kwa upande. Mzee mmoja alinivuta mkono, kundi zima likapita pale nilipokuwa nimesimama.

Nikabadilisha. Kwa Canonet jicho moja dirishani na jingine wazi, nikaingia karibu, nikiwaona wanaokuja kabla hawajafika. Vumbi halikunipa wasiwasi wowote, maana hakuna lenzi ya kutoa wala sensa ya kuchafua. Pale ndani ya fujo, kamera ndogo isiyozima dirisha ndiyo kamera.

Kibanda cha makuti kilipowashwa moto nilirudi kwa 6D, kwa ajili ya rangi. Moto mweusi na mweupe ni moshi tu.

Kisha wanawake. Madira na kanga za rangi zote, nyimbo za kuwasuta wanaume, wanapita kwa makundi wakicheka. Nilipiga kwa 6D na lenzi ya 40, nikiwa katikati yao, nao wakatoa simu zao: tutumie, tutumie. Mwenye nyumba niliyokula kwake alichukua simu yangu, akachagua mwenyewe ipi iende na ipi ifutwe. Moja alisema ifutwe, bintiye hakuwa amevaa ushungi sawasawa. Nikaifuta mbele yake. Kwenye filamu ningewezaje?

Jumatatu, Dar es Salaam

Maji ya bomba ya Dar hayashuki nyuzi 20 kwa hiari yao. Niliweka vifuko vya barafu kwenye beseni, nikangoja dawa ya ID-11 ipoe, dakika 7 na nusu ndani ya tangi, nikitikisa kila dakika.

Negativu zilipokauka nilikaa nazo dirishani. Picha bora ya safari nzima ni ya filamu: mkono wa mzee unamimina kahawa, dhumna imeganda hewani, uso wa nne kwenye kona ambao sikumbuki kumwona. Imepatikana kwa sababu kamera ile haikumsumbua mtu. Kwa picha moja ya ukutani, reinjifainda imeshinda, na nitasema hivyo kwa yeyote.

Lakini Kigoma ni reli. Treni inasimama Dodoma, Tabora, Uvinza, watu wanauza ndizi, karanga na samaki kupitia madirisha, na baada ya muda inaondoka. Yule ninayempiga pale sitamwona tena. Mzee wa Jaws Corner nitamwona, kwa sababu Unguja ni boti moja tu na ahadi nimeitoa. Filamu inamfaa mpigapicha anayerudi. Kwa anayepita mara moja, nataka kamera inayolipa pale pale dirishani, kabla filimbi haijapigwa.

Nimeamua: 6D, lenzi ya milimita 40, betri mbili. Ile 70–200 inabaki, na nitakapohitaji picha ya mbali nitatembea nikaisogelee. Jumla, ukiacha betri ya akiba, ni karibu gramu 900, gramu 280 tu zaidi ya Canonet. Hali ya kimya itakuwa imewashwa tangu Dar, fokasi nitaipanga mapema kama nilivyofanya Hurumzi, na nitaweka f/8 mchana kutwa.

Canonet inabaki kwa ajili ya Kariakoo, Kivukoni na Unguja. Picha ya mzee nimeichapa saizi ya kuwekwa kwenye fremu. Binamu yangu anavuka Ijumaa, ataipeleka, na nimemwambia asiondoke mpaka anywe kahawa.